Riwaya za kihistoria za Kikristo: tupeane uzoefu

Mwanzilishi, Malindi: Wakubwa shikamooni. Jumapili tukitoka ibadani nilipita kwenye kile kikanisa cha Wareno kilicho karibu na bahari, nikakumbuka kwamba Francis Xavier, yule mmisionari Mkatoliki, alipita hapa kwetu mwaka 1542 akielekea Goa. Vitabu vya historia hunipa tarehe hiyo, lakini ni riwaya inayonipa mtu mwenye hofu, njaa na sala yake. Ni ipi iliyowashika ninyi?

Watamu: *Ben-Hur* ya Lew Wallace, ya mwaka 1880. Zile mbio za magari ya farasi nilizisoma hadi alfajiri.

Mpeketoni: Mmenitonesha. Baada ya shambulio la Juni 2014 hapa kwetu, tukiwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, nilikuwa na nakala ya Kiingereza ya *Quo Vadis*, ile ya Henryk Sienkiewicz, isiyo na jalada. Tulikuwa tumemzika mjomba, na mama hakuwa akizungumza na mtu, kwa hiyo nilianza kumsomea huku nikimfasiria kwa Kikuyu, ili tu pawe na sauti nyumbani. Alisikiliza Roma ikiteketea na Kaisari Nero akiwasingizia Wakristo, asitie neno. Tulipofika pale Lygia, yule binti Mkristo, anapoingizwa uwanjani akiwa amefungwa juu ya pembe za fahali, mama aliniambia nifunge kitabu, kwamba hataki kujua. Nilijuta kumsomea, na kitabu nikakiweka uvunguni.

Gede: Pole sana, dada.

Maweni: Pole, dada yangu. Hata hivyo nauliza, kwa nini kila mara tunalia na Roma? Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, wa ukoo wa watawala wa Malindi, aliyebatizwa Goa kwa jina la Jeronimo, aliiteka Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno kule Mombasa, na miongoni mwa waliouawa kwa kukataa kuukana Ukristo walikuwamo Waafrika. Hiyo ndiyo riwaya ninayoingoja.

Lamu mjini: Mimi ni Mwislamu na riwaya hizi nazipenda, lakini ndugu yangu wa Maweni, mbona umeanzia katikati? Baba yake Yusuf, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno. Mwandishi atakayeliruka hilo atakuwa ameandika hotuba.

Maweni: Sikuliruka kwa ubaya. Mwandishi na amwingie Yusuf moyoni, ila waliokufa nao wapewe sura na sauti.

Lamu mjini: Hapo tumeelewana.

Watamu: Kwa anayeanza, soma historia ya zama hizo kwanza, usije ukaamini kila kilichobuniwa.

Gede: Mimi nasema kinyume: riwaya kwanza, kwa sababu ndiyo itakayokutia hamu ya kuitafuta historia. Wala usiianze usiku ikiwa una zamu ya asubuhi! Dada wa Mpeketoni, kitabu kilibaki uvunguni?

Mpeketoni: Hapana. Baada ya siku kadhaa mama mwenyewe aliniuliza, "Yule binti, alikufa?" Nikakitoa, nikamsomea jinsi Ursus, mlinzi wa Lygia, alivyomvunja shingo yule fahali kwa mikono mitupu. Mama alipiga kofi pajani, akacheka kwa sauti, akaniamuru nirudie ukurasa wote.

Mwanzilishi, Malindi: Mwenye *Quo Vadis* hapa Malindi na aniazime, nitairudisha.