Nimepangiwa PCB tunaripoti Julai, kemia nianzie wapi?

BintiMakambako

Wakuu habari za jioni. Nimemaliza fomu foo mwaka jana, kemia nilipata B, bayolojia B, fizikia C, nimepangiwa fomu faivu PCB, yaani fizikia, kemia na bayolojia. Tangu matokeo yatoke Januari nipo nyumbani namsaidia mama kwenye mgahawa wake hapa Makambako, kwa hiyo kusoma ni usiku tu tukishafunga, kama masaa mawili hivi umeme ukiwepo. Kaka mmoja jirani aliyemaliza advansi kaniazima notsi zake za fomu faivu, nimefungua nakutana na obitali, yaani sehemu zinapokaa elektroni ndani ya atomu, 1s2 2s2 2p6, nimesoma siku tatu naona nakariri tu hakuna kinachoingia. Wenzangu walioko Mbeya na Dar wapo tuisheni wananiambia washamaliza topiki mbili. Mimi hela ya tuisheni haipo na wala simlaumu mama. Halafu niseme ukweli, ile B yangu maswali ya moli, yale ya kuhesabu kiasi cha dutu, nilikuwa nayaruka, alama nikizitafuta kwingine. Natamani sana udaktari. Naogopa nisije nikafika nikaachwa wiki ya kwanza. Nianzie wapi jamani?

KijanaWaSumbawanga

Hongera mdogo wangu, B mbili sio mchezo. Mimi nilipiga PCM (fizikia, kemia, hesabu), ushauri wangu kamata ogani, ile kemia ya kaboni, mapema. Ogani ya advansi ni ndefu mno, ukianza kuijua alkeni na alkaini na jinsi ya kuzipa majina sasa hivi utapumua baadaye. Hayo ya moli utayakuta hukohuko.

MwlKemia

Binti, hongera. Nafundisha kemia advansi, na mkuu hapo juu naomba nitofautiane naye kidogo. Ogani ni ndefu kweli lakini haiwaangushi watoto wiki za mwanzo. Kinachowaangusha ni hicho ulichokisema mwenyewe, moli. Kila mwaka napokea wanafunzi wenye A na B ambao moli waliiruka, na advansi huwezi kuiruka kwa sababu imo kwenye gesi, imo kwenye nishati, imo kwenye ikwilibriamu, na pepa ya tatu ambayo ni praktiko, sehemu yake kubwa imesimama juu yake. Hizo notsi za kaka yako zifunge kwanza. Rudi kwenye daftari lako la fomu three, moli na voliumetriki (hesabu za kupima asidi na besi kwa ujazo), fanya swali moja kila usiku kwa kalamu na karatasi, usisome swali lililofanywa ukajiona umeelewa. Ukipatia, badilisha namba ulifanye tena.

Na hizo obitali, zisikutishe. Potasiamu ina elektroni 19, olevo ulikuwa unaiandika 2:8:8:1 si ndio? Sasa jiulize, ganda la tatu lina uwezo wa kubeba elektroni 18, kwa nini ile ya 19 imekwenda ganda la nne wakati la tatu bado lina nafasi? Ni kwamba kwa potasiamu 4s (obitali ya ganda la nne) ina nishati ya chini kuliko 3d (ya ganda la tatu), elektroni inakaa kwenye nishati ya chini. Obitali zimekuja kujibu swali ambalo olevo tuliliacha njiani. Ukizisoma kama jibu zitaingia.

Anza na hili leo, usiangalie popote. Gramu 2.65 za Na2CO3 (kaboneti ya sodiamu) kavu zimeyeyushwa, mchanganyiko ukafikishwa sentimita za ujazo 250. Ukapima 25 kwa pipeti, zikamalizana na sentimita za ujazo 25 za asidi ya HCl kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo na koki. Molariti ya HCl, yaani moli kwa lita, ni ngapi? Na=23, C=12, O=16.

DadaNesi

Mdogo wangu, msikilize mwalimu. Mimi nilisoma shule ambayo bureti tulikuwa tunagombania watu sita, nikafika kwenye mtihani mkono unatetemeka sijui hata nasomea wapi, usomaji wangu mmoja 23 mwingine 25. Bureti huna hapo nyumbani lakini nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la cc 10 bila sindano yake, vuta maji, jizoeze kudondosha tone moja moja, na kusoma macho yakiwa usawa wa maji kabisa, sio kwa juu. Halafu hapo mgahawani si mnatumia magadi kwenye maharage na makande? Magadi ni hiyohiyo Na2CO3 ikiwa imechanganyika na NaHCO3. Chemsha rozela kavu kidogo, ile rangi yake ni indiketa, inabadilika ikikutana na asidi au besi. Tia ndimu uone, kisha gawanya ingine utie maji ya magadi uone.

BintiMakambako

Shikamoo mwalimu, shikamoo dada. Nimekaa nalo jana usiku. Na2CO3 ni 106, kwa hiyo 2.65 gawanya kwa 106 ni moli 0.025, ziko kwenye 250 kwa hiyo molariti 0.1. Sasa kwa kuwa 25 imemalizana na 25, HCl nayo ni 0.1.

MwlKemia

Marahaba binti. Mpaka kwenye 0.1 ya Na2CO3 umekwenda vizuri sana na hapo ndipo wengi hawafiki. Ujazo kuwa sawa haina maana moli ziko sawa. Andika ikwesheni, ibalansi, halafu rudi. Hapo ndipo ile B inapogeuka A.

BintiMakambako

Nimeona!! Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2. Moja inakula mbili. Kwenye 25 kuna moli 0.0025 za kaboneti, zinahitaji 0.005 za asidi, na hizo zimo ndani ya sentimita 25, kwa hiyo HCl ni 0.2. Miaka minne nilikuwa naiona ile 2 mbele ya HCl naipita tu nikidhani ni ya kubalansi basi.

Dada na rozela nimefanya kwenye vikombe viwili vya chai. Ya ndimu imekuwa nyekundu kali, ya magadi imegeuka kijani kama bluu hivi, mama akaacha kukuna nazi akaja kuangalia. Nikamimina kile cha ndimu kidogo kidogo kwenye cha magadi pakawa na povu, nikamwambia mama hiyo ni CO2 inatoka, ni ileile ya kwenye ikwesheni niliyoandika jana. Akasema nifanye tena aone.

Mwalimu kama hutojali naomba swali lingine la leo, lenye bakititresheni, ile ya kutia asidi kupita kiasi halafu unapima iliyobaki, maana hiyo ndiyo nilikuwa siisogelei kabisa.

MwlKemia

Limeshakuja inboksi. Chukua muda wako.