Naomba ushauri: nawaleaje vijana wa kiume wawe na kiasi?

Shalom wapendwa. Nimekabidhiwa kulea vijana wa kiume kanisani, na naomba mnisaidie mawazo.

Paulo alimwagiza Tito awaonye vijana wa kiume wawe na kiasi, yaani wajitawale, na papo hapo akamtaka yeye mwenyewe awe kielelezo cha matendo mema (Tito 2:6-7). Vijana wangu wakisikia neno kiasi wanawaza zinaa tu. Hasira je? Kuna mmoja anaongoza sifa vizuri mno, lakini mdogo wake akigusa simu yake anamfokea mpaka mtoto anajikunyata ukutani. Huyo mdogo ndiye anayemtazama kila siku, kuliko sisi wa Jumapili.

Halafu kuna simu za usiku. Yusufu, aliposhawishiwa kuzini na mke wa Potifa, aliacha vazi lake mkononi mwa mwanamke huyo akakimbia nje (Mwanzo 39:12). Leo kishawishi kinalala nao chini ya mto, mlango umefungwa. Nimewaza simu ziachwe sebuleni usiku, na kila kijana awe na mwenzake wa kumwambia ukweli bila kuficha. Je, utaratibu huu hudumu, au hugeuka kuwa upelelezi?

Na kijana akianguka, mnamrudishaje kwenye huduma bila kumwaibisha mbele ya wenzake? Hili linaniumiza kuliko yote, maana wengine wakishaona aibu hawarudi kabisa.

Wazazi, walezi, na hasa ninyi vijana wenyewe, naomba mniambie kilichowasaidia.