Potasiamu 2.9 na mkojo haba: tunaanza na kipi?

Mwanafunzi_Wete: Assalaam alaykum. Swali la skuli: mtu mzima wa kilo 60, kaharisha na kutapika siku mbili, macho yamezama, mapigo ya mkononi ni dhaifu mno. Potasiamu (madini) ya damu ni milimoli 2.9 kwa lita. Mkojo ml 80 kwa saa 6. Nimejibu atiwe potasiamu kwenye dripu mara moja, nikawekewa kosa. Kwa nini, na iko chini? Na madafu je?

Muuguzi_Chake: Waalaykum salaam. Anza na mkojo. Tunataka angalau ml 0.5 kwa kilo kwa saa, yaani 180 kwa saa 6. Huyu ana 80. Damu haifiki vya kutosha kwenye figo, na potasiamu hutolewa mwilini kupitia huko. Ukiitia wakati hakuna pa kutokea, inapanda na moyo unaweza kusimama. Kwanza Ringa (maji ya dripu yenye chumvichumvi): ml 1,800 kwa dakika 30, kisha 4,200 kwa saa 2 na nusu, huku ukikagua mapigo na pumzi. Akiweza kunywa tu, mpe ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari). Ringa nayo ina potasiamu, ila milimoli 4 tu kwa lita.

Zamu_ya_Usiku: Hiyo 2.9 isikuhadae, upungufu wa kweli ni mkubwa zaidi. Kuharisha kunapoteza bikaboneti (kinachozuia asidi), damu inakuwa na asidi, potasiamu inatoka ndani ya seli. Asidi ikipungua inarudi ndani na kipimo kinashuka zaidi, kwa hiyo pimeni tena. Mkojo ukishatoka vizuri na daktari akaandika: milimoli 20 za potasiamu ndani ya ml 500 za selaini (maji ya chumvi ya dripu), kwa saa 2, matone 83 kwa dakika ikiwa mpira wa dripu ni wa matone 20 kwa ml. Soma ampuli (kichupa cha dawa), nguvu zake hazilingani. Kuichoma moja kwa moja mshipani ni kuua. Wala usiitie kwenye chupa inayoning'inia: ni nzito, inatuama mdomoni na mgonjwa anaipata yote kwa mkupuo. Funga mpira, ishushe chupa, itie, igeuze juu chini mara 10, bandika lebo.

Mwanafunzi_Wete: Ahsanteni sana. Madafu?

Muuguzi_Chake: Yana potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, na anayeharisha anapoteza zote mbili. ORS ina sodiamu milimoli 75 kwa lita. Madafu hayashiki nafasi yake. Kwa mgonjwa wa figo ni hatari, na tende za futari vilevile, kwa hiyo muulizeni anachofuturia. Muhogo wake ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi, maji yale yamwagwe, ili potasiamu ipungue.