Mtu kanyanyua sindano katikati ya santuri yangu ya Death, bendi ya roki ya Detroit, na kusema MAKOMBO. Sinyamazi!

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, sijavua hata viatu, theluji inayeyukia kwenye zulia na mke wangu ananitazama tu. Nisipoandika usiku huu nitapasuka.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Kila shughuli ya Waswahili hapa Burlington, Vermont, anafika wa kwanza na kuondoka na mfuko wa mwisho wa nyama. Kila kitu anajua yeye. Viza anajua, injini anajua, mimba ya mke wa mtu ina miezi mingapi anajua. Leo kaamua anajua na muziki.

Nimeambiwa njoo na santuri zako tusikilize za zamani. Nikabeba moja tu, "Spiritual Mental Physical" ya Death, mkusanyiko wa nyimbo zao adimu uliotoka 2011. Nimeipeleka ndani ya koti, kifuani, ili isipigwe na baridi. Watu wakaanza kutikisa vichwa, kuna mzee mmoja alikuwa anapiga goti lake kabisa. Kikafika kipande ambacho mpiga drami wao, Dannis, yuko peke yake. Hapo ndipo yule bwana alipoinuka. Kalamba kidole. Kidole kina mafuta ya paja la kuku! Kanyanyua sindano. Krrrrrr. Kasema: "Toa hayo makombo, weka muziki."

Makombo.

Watu wakacheka, na mwenye nyumba akacheka. Ile krrrr imeingia kwenye jino langu na bado ipo.

Hivi makombo ni nini? Si kile mtu alichokula akashiba akabakiza? Sasa Death nani aliwala akashiba? Ndugu watatu weusi wa Detroit, David kwenye gitaa, Bobby besi na sauti, Dannis drami. Mwaka 1975 wanaingia studio ya United Sound, pesa inatoka kwa Clive Davis, aliyewahi kuwa bosi wa kampuni ya muziki ya Columbia, halafu wanaambiwa badilisheni jina. David akakataa. Jina lile lilitokana na kifo cha baba yao, angelibadilishaje? Nyimbo 12 zilizopangwa zikaishia 7. 1976 wakajitolea wenyewe santuri ndogo, nakala 500. Mia tano, wakuu! Shughuli ya leo tu ilikaribia kufika watu hao! David akafa kwa saratani ya mapafu mwaka 2000, na albamu ya kwanza ikaja kutoka 2009. Hizi za 2011 ndizo walizokuwa wakijirekodi mazoezini, unasikia mpaka ukubwa wa chumba, gitaa la David linanguruma kama mlango wa bati kwenye upepo. Chakula kimekaa jikoni miaka 35 kimefunikwa, siku kinapakuliwa mtu analamba kidole na kusema makombo.

Na Bobby na Dannis walihamia HAPA HAPA Burlington! Wamepiga rege mji huu huu na bendi yao ya Lambsbread. Umemtukana jirani, bwana wewe. Kwa kidole cha kuku.

Kichwa Maji: Pole mkuu. Kuku alikuwa wa kukaanga au wa kuchoma?

Mleta mada: Nazungumzia sindano, wewe unauliza kuku?

Kichwa Maji: Umemtaja wewe mara tatu, nikajua ndiye mada.

Fundi Redio: Wa kukaanga ni mbaya zaidi, mafuta yake yanaganda. Sindano usiifute kwa fulana wala kwa mate. Chukua brashi laini, vuta kutoka nyuma kuja mbele, taratibu. Na uitazame santuri kwenye taa, ukiona mstari mweupe ujue imekwaruzwa.

Mleta mada: Nimeitazama. Mstari upo. Mrefu kama ukucha, pale pale kwenye drami.

Mama Wawili: Ni huyo huyo! Mwaka jana kakata keki ya mwanangu mtoto hajazima mshumaa. Nikamwambia kaka, subiri basi, akanijibu keki haina mwenyewe.

Mtoto wa Kinondoni: Ngoja kwanza. Bendi inaitwa Kifo. Shughuli yenyewe ilikuwa ya nini?

Mleta mada: Arobaini ya mtoto.

Mtoto wa Kinondoni: 😂😂😂 Wakuu mmesikia? Watu wana kichanga cha siku 40, mwenzetu kawapelekea Kifo!

Shangazi wa Winooski: Nilikuwepo. Bibi wa mtoto alishika lile jalada, akamuuliza mjukuu maana ya jina, akaenda kusoma dua chumbani.

Mleta mada: David mwenyewe alitaka watu waache kulitazama jina hilo kwa ubaya tu. Kwake kifo kilikuwa njia kama kuzaliwa kulivyo njia. Arobaini ndipo mahali pake hasa! Na bibi hakuinuka kunyanyua sindano. Aliyeinuka mnamjua.

Mzee wa Kiporo: Kosa lake ni neno. Angesema kiporo ningemtetea. Wali wa jana na chai ya rangi asubuhi, nazi imeshaingia vizuri, huwezi kuufananisha na uliotoka jikoni sasa hivi. Hizo nyimbo ni kiporo. Makombo ni dharau.

Mleta mada: Asante mzee! Kiporo! Laiti ungekuwepo ukamjibu pale pale.

Gitaa Bovu: Nyie na Death yenu. Bendi ya Velvet Underground ndio wenye kiporo. Nyimbo za 1968 na 1969 zimefungiwa huko, zinakuja kutoka 1985 kwenye "VU", na zinazipita albamu ambazo wengine walikusudia kabisa kuzitoa. Ninayo. Yaani ninayo kwa jina, maana shemeji yangu aliiazima miaka mitatu iliyopita, kila nikimuuliza anasema bado anaisikiliza.

Fundi Redio: Santuri haziazimwi.

Gitaa Bovu: Mke wangu ndiye aliyempa. Nikisema neno, nalala sebuleni.

Mleta mada: Huyo shemeji wako angalau anaisikiliza. Mimi ya kwangu haikuachwa imalize hata kipande kimoja cha drami.

Mama Wawili: Msiniambie habari za kuazima. Sufuria langu la pilau, lile kubwa, lilitoka kwangu na mfuniko, limerudi bila mfuniko. Tangu Idi! Nimepikia foili mpaka leo. Kila ninayemuuliza ananiambia muulize fulani.

Kichwa Maji: Mimi deli la lita ishirini. Limerudi linanuka dagaa, na mimi dagaa sili.

Shangazi wa Winooski: Watu wanaazima meza za kukunja wanarudisha miguu mitatu.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye sindano. Alilamba kidole KWANZA. Hilo mnalipitaje?

Mtoto wa Kinondoni: Meza ya miguu mitatu 😂 nani huyo?

Shangazi wa Winooski: Mnamjua.

Mzee wa Kiporo: Mama Wawili, mfuniko wako ni wa bluu, umebonyea pembeni, kishikio kimefungwa kwa waya?

Mama Wawili: Ndiyo!! Waya niliufunga mwenyewe!

Mzee wa Kiporo: Uko kwangu. Uliletwa umefunikia ndizi, nikadhani ni zawadi.

Mama Wawili: Usilale mzee, nakuja sasa hivi.