Safari ya siku moja baharini: Kisite na Wasini, au Watamu na Mida?

MamaWawili
Asalaam alaikum ndugu zangu. Wiki ya pili ya Agosti nitakuwa Mombasa na watoto wangu wawili, wa miaka 8 na 11, pamoja na mama yangu mzazi ambaye ametimiza miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tuna siku moja tu ya kwenda baharini na mtembezaji. Ninapima safari mbili: ya kusini, kutoka Shimoni hadi hifadhi ya bahari ya Kisite na chakula cha mchana kisiwani Wasini, na ya kaskazini, Watamu pamoja na hori la Mida. Watoto wanataka kuona pomboo, na mama anataka kurudi salama. Nawaomba mliokwenda kote mnilinganishie.

Nahodha_Mstaafu
Wa alaikum salaam, mwanangu. Kwa pomboo, nenda Shimoni. Pomboo wa Kisite wapo mwaka mzima, na kuanzia Julai hadi Septemba hupita nyangumi wenye nundu, ambao hutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa katika maji yetu ya joto. Hata hivyo, Agosti upepo wa kusi bado unavuma, na jambo hilo usilichukulie kwa wepesi. Mlango wa bahari kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini umekingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo mtaondoka maji yakiwa shwari na watoto watadhani siku nzima itakuwa hivyo. Mkishapita ncha ya kisiwa na kuelekea Kisite, mtakutana na mawimbi ya bahari kuu. Upepo huongezeka jua linapopanda. Ondokeni mapema, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha kabla kamba haijafunguliwa. Anayelewa bahari asipande na tumbo tupu wala lililojaa kupita kiasi, na aketi katikati ya chombo akitazama mbali.

Mida_Daima
Namheshimu mzee wangu hapo juu, lakini kwa magoti ya mama ningechagua Watamu. Hifadhi yake ya bahari ni ya tangu 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika, na bustani zake za matumbawe ziko karibu na ufuo, ndani ya mwamba unaovunja mawimbi. Zipo boti zenye kioo sakafuni, ambamo mama atawaona samaki akiwa ameketi, bila kulowa hata kanga. Alasiri mnakwenda Mida, mnapita juu ya daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko, na chini yenu kaa wanaingia na kutoka matopeni.

Nitasema na upungufu wake. Ndege wengi wanaohamia Mida kutoka nchi za kaskazini huwa bado hawajarejea kwa wingi mwanzoni mwa Agosti, na maji ya kusi huwa na chembe za mchanga, hivyo matumbawe hayaonekani vizuri kama yanavyoonekana wakati wa upepo wa kaskazi. Pomboo wapo, lakini hukaa zaidi nje ya mwamba. Mngekuja likizo ya Desemba, nisingesita hata kidogo kuwaita huku.

Mwalimu_wa_Viumbe
Dada, kabla ya kuchagua mahali, chagua nahodha. Miaka michache iliyopita nilikwenda Kizimkazi, Unguja, ambako zamani pomboo waliwindwa ili wawe chambo cha papa, hadi utalii ulipowapa thamani wakiwa hai. Kampuni iliyonipeleka sitaitaja. Boti kama kumi ziliwazunguka pomboo sita, zikiwakatia njia, na kila walipoibuka watalii walirushwa majini juu yao. Pomboo mmoja alikuwa na mtoto ubavuni. Walizama wakatokea mbali, tukawafuata tena, na tena, na mimi nilishuka pwani nikiwa na majuto.

Mwaka jana, Kisite, nahodha alipowaona alipunguza mwendo, akaenda nao sambamba kwa mbali, kisha akazima mashine. Tulikaa kimya. Baada ya dakika chache walikuja wenyewe, karibu hivi kwamba tulisikia pumzi zao, pfuu, moja baada ya nyingine, na mvuke wenye harufu ya samaki ukatugusa usoni. Basi muulize mtembezaji wako swali moja kabla ya kulipa: ukiwakuta pomboo tayari wamezungukwa na boti, utafanya nini? Akijibu kwamba atasubiri au ataondoka, mpe kazi.

MamaWawili
Mwalimu, ahsante sana. Je, mama hawezi kubaki Wasini sisi tukiwa Kisite?

Binti_Vanga
Anaweza, dada, na hatachoka kukaa. Kisiwa hakina magari. Kina mama wa Wasini wanaendesha njia ya mbao inayopita katikati ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu na mikoko. Ataitembea polepole, kisha akae kivulini azungumze nao, na atasikia Kivumba, lahaja ya Kiswahili ya huko, kinavyosemwa na wenyewe. Ila patana na nahodha tangu mwanzo kwamba mtamshusha kwanza, na uulize saa za maji, kwa kuwa maji yakipwa sana kushuka chomboni ni kazi kwa mwenye magoti. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo ilipie mkiwa bado Mombasa. Chakula ni kaa, samaki na wali wa nazi. Waombe na mwani wa kukaanga.

MamaWawili
Nimempigia simu mtembezaji mmoja wa Shimoni na nimemuuliza swali la Mwalimu. Amejibu: "Tutangoja mbali, na wasipobaki tutawaacha." Nimemlipa arubuni. Tutatoka Mombasa saa kumi na moja alfajiri, mama atashuka Wasini, na Mida nimeiandika kwa Desemba.

Nahodha_Mstaafu
Vyema, mwanangu. Usiku wa kuamkia safari mpigie tena umuulize hali ya upepo. Akikwambia msubiri siku ya pili, msubirini.