Uliwahi kukaa kwenye sinema za Majestic, Novelty au Regal? Wana Tanga tupeane uzoefu

Wana Tanga, salamu kwenu. Juzi nimepita mjini na mwanangu, nikamwonyesha lile jengo la sinema nikamwambia, hapa Idd hapakuwa na pa kupita. Akauliza, "Kwani palikuwa na nini, baba?" Nikakosa pa kuanzia. Mji kama huu ulikuwa na Majestic, Novelty na Regal! Aliyekaa humo ndani aje aseme.

Naanza mie. Idd pili, kanzu mpya, mkono wa Idd nimeufunga kwenye leso. Picha ya Kihindi, saa 3 kamili. Intavali nikatoka kununua mihogo, kurudi kiti kimekaliwa na jibaba. Nusu ya pili nimeitazama nimeegemea ukuta.

*

Mimi wa Ngamiani, barabara ya 8. Sisi wanawake tulikuwa na mchana wetu, mwanamume haingii. Mle ndani tunalia hasa! Na si picha pekee iliyokuwa ikitutoa machozi, kuna aliyeletewa mke mwenza juma lile, akapata pa kulilia bila kuulizwa. Kihindi hatukijui, nyimbo tunazo. Baada ya siku mbili tatu unazisikia harusini, sauti ileile, maneno ya taarabu.

*

Mie nilikuwa chumba cha mashine. Mlidhani picha ni mkanda mmoja? Zilikuwa reli nyingi, yaani magurudumu ya mkanda, na mashine 2 zinapokezana. Reli ikikaribia mwisho, kidoa kinapita pembeni juu, kulia. Cha kwanza, unawasha mota ya mashine ya pili. Cha pili, unabadili. Ukisinzia tu, pazia jeupe, miluzi ukumbi mzima, na mama yako anatajwa kwa yote. Taa yenyewe ni vijiti vya makaa vinavyoungua, unavisogeza kila vinapopungua. Fulana ilikuwa haikauki.

*

Mimi nakiri, sisi ni miongoni mwa waliohama mapema. Mtaani kulikuja video, benchi na stelingi yuleyule, karibu na nyumbani. Mwaka 1994 televisheni zikaanza huku Bara, mzee akasimamisha antena juu ya bati, basi. Sikukata tiketi tena.

*

Mleta mada hapa. Fundi, shikamoo. Kile kidoa miaka yote nilijua ni nzi.