Muvi ya Kursk: kisa cha kweli halafu rais hayumo, hii ni sawa?

Wakuu, nimeimaliza Kursk ya Thomas Vinterberg, ile ya 2018, na nimebaki na hasira kuliko huzuni. Colin Firth yumo, Max von Sydow yumo, stelingi ni Matthias Schoenaerts, na stori yenyewe wala haihitaji chumvi, sasa unaboronga vipi hapo?

Kwa madogo ambao hamkuwepo: Agosti 12, 2000, nyambizi ya Urusi iitwayo Kursk iko mazoezini Bahari ya Barents, topido (bomu linalosafiri majini) ikavujisha kemikali yake ya haidrojeni peroksaidi ikalipuka, dakika mbili na kitu ukaja mlipuko wa pili mkubwa kupita wa kwanza, chombo kikalala chini kwenye mita 108 hivi. Walikufa wote 118. Ila 23 walibaki hai kwa muda kule nyuma chumba cha tisa, tunajua kwa sababu ofisa Dmitri Kolesnikov aliandika majina yao gizani. Uingereza na Norway wanasema jamani tuje tusaidie, wakubwa wa Urusi wanazungusha tu, mpaka wapiga mbizi wa Norway wanafungua mlango Agosti 21 ndani maji na maiti.

Putin kaapishwa Mei tu, yuko Sochi anakula likizo na haikatishi mpaka siku kadhaa zipite. Kwenye muvi humwoni kabisa, msala wote kaangushiwa admirali mzee. Kama unaniambia ni kisa cha kweli, una haki ya kumtoa mwenye nchi?

— Mkuu punguza munkari, Putin hakutengeneza ile topido. Muvi ni ya wale jamaa mle ndani na wake zao, ukimleta rais inageuka siasa. Ile sini ya kupiga mbizi kutafuta vifaa vya oksijeni mbona hujaitaja? Mi nilishika pumzi na wao. Kinachoniudhi ni Warusi wote kumwaga Kiingereza basi.

— Siasa ilikuwemo tangu siku ya kwanza ndugu yangu. Kuna mama wa baharia aliinuka mkutanoni kumfokea naibu waziri mkuu, akachomwa sindano ya usingizi mbele ya kamera, akabebwa nje. Na septemba mtangazaji wa CNN Larry King akamuuliza Putin nyambizi ilipatwa na nini, jamaa katabasamu, kajibu "Ilizama". Mwandishi gani mwenye akili anaacha zawadi kama hiyo mezani?

— Mi naona mnagombania vitu viwili. Kumwacha rais nje ya fremu ruksa, ila basi usijifanye unatuonyesha kwa nini msaada ulichelewa, maana nusu ya muvi ni Firth, yule ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, anabembeleza aruhusiwe kuingia na hatuambiwi anayekataa anamwogopa nani.

— Hapo kwa Firth umemaliza. Anayeitetea aje ajibu hilo kwanza.